Bodaboda mwenzetu akianguka tusimnyanyue kama gunia la viazi

Mhariri,

Habari za kazi na pole na majukumu. Mi ni dereva bodaboda hapa Uyole, Mbeya, huu ni mwaka wa kumi na mbili niko barabarani, nilianza na pikipiki ya mtu ya kupeleka hesabu kila jioni, nikaja nikachukua ya mkataba, na sa hivi namshukuru Mungu nina Boxer yangu mwenyewe na kadi ina jina langu. Gazeti lako tunalisoma kijiweni, ananunua mmoja tunasoma wote mpaka matangazo ya vifo, afu jioni mama wa maandazi analichukua la kufungia. Kwa hiyo nikiandika hapa najua wenzangu watasoma, na wao ndo nataka wanisikie, ukiwapa nafasi nitashukuru sana.

Wiki iliyopita siku ya Jumanne asubuhi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na anayeijua barabara yetu anajua hali ilivyo, huku wanajenga njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, ni jambo zuri na tunalihitaji manake malori ya Tunduma yalikuwa yanatumaliza, ila kwa sasa tunapita daivasheni na udongo ukilowa unakuwa kama sabuni. Kijana mmoja wa kijiwe jirani alikuwa anatoka kushusha mwanafunzi, yuko peke yake, gari dogo likatoka pembeni bila kuangalia, akabana breki ya mbele kwenye tope, pikipiki ikamtupa upande wa kulia akaburuzika mpaka kwenye mawe ya wajenzi.

Haikufika dakika tano tulikuwa zaidi ya thelathini pale. Hilo nalisema kwa kujivunia kabisa, hapa nchini hamna watu wanaomfikia majeruhi wa barabarani haraka kama bodaboda, awe mwenzetu, awe mama wa watu, awe dereva wa lori, sisi ndo tunakuwa wa kwanza. Ila sasa angalia tulichokifanya baada ya kufika. Nusu yetu walilizunguka lile gari, mwenye jiwe ana jiwe, mwenye helmeti anagonga nayo bodi, yule dereva amejifungia ndani analia. Wengine simu ziko juu wanapiga picha. Mmoja akamvuta yule kijana helmeti kwa nguvu ikatoka na shingo ikarudi nyuma nikaiona kwa macho yangu. Mwingine akamwagia maji usoni, akataka na kumnywesha. Afu watatu wakamshika, wawili kwapani mmoja miguuni, wakamnyanyua kama gunia la viazi linapandishwa kwenye fuso, wakamkalisha katikati mishikaki, dereva mbele, yeye kati, mwingine nyuma anamkumbatia asianguke, na mguu mmoja unaning'inia unyayo umeangalia pembeni. Wakaondoka naye kwa spidi, honi mfululizo, kwenye daivasheni ileile ya mashimo.

Nilipiga kelele wamlaze chini, hamna aliyenisikia, na siwalaumu sana kwa sababu kelele zilikuwa nyingi na kila mmoja alikuwa anataka kusaidia, yani hawa ni watu ambao wangetoa damu yao palepale kama ingewezekana. Shida yetu upendo tunao, ila mikono haijafundishwa.

Mi nalisema hili kwa sababu limenipata mwenyewe. Mwaka 2019 usiku nilikuwa natoka Igawilo kushusha abiria, kuna sehemu dizeli ilikuwa imemwagika kwenye kona sikuiona, nikalala na pikipiki. Wenzangu walikuja kama wanavyokuja siku zote, na mimi nilibebwa hivohivo mishikaki. Bega lilikuwa limevunjika na mguu wa kushoto chini ya goti. Maumivu ya kwenye kila shimo siwezi kuyaelezea kwenye gazeti, ila nakumbuka nilikuwa nasikia mfupa unasagana ndani. Nilipofika nesi wa zamu aliangalia suruali yangu imelowa damu akauliza nani kamleta huyu amekaa, wenzangu wakasema sisi, akawaambia kwa upole tu, wanangu huu mfupa ulivunjika bila kutoboa nyama, nyama imetobolewa njiani. Nililala miezi miwili kwa jambo ambalo pengine lingeisha kwa plasta ya wiki sita.

Na watu haohao, naomba hili lisomwe vizuri, watu haohao walionibeba vibaya ndo walichanga pesa ya dawa. Walileta mchele na sukari nyumbani kwangu. Pikipiki yangu ya mkataba ingerudishwa kwa bosi, mmoja wao ambaye alikuwa deiwaka hana pikipiki yake akaipeleka kwa fundi, ikanyooshwa uma na taa, akaifanyia kazi wiki saba, kila Jumapili anakuja nyumbani anamhesabia mke wangu hela mezani, hii ya bosi, hii ya mafuta na oili, hii ya watoto, na yeye anachukua ya kula tu. Hakukosa hata Jumapili moja. Mpaka leo mwanangu wa mwisho anamwita baba mdogo. Kwa hiyo mtu akiniambia bodaboda ni wahuni namwangalia tu. Umoja wetu naujua umenilisha. Ninachotaka ni umoja huo ufike na akili pale chini kwenye lami, zile dakika kumi za mwanzo.

Nimeulizia kwa wanaojua, yule nesi mwenyewe na baadae mama mmoja nesi mstaafu wa mtaani kwetu, na niliyoelewa nayaandika kwa lugha ya kijiweni. Cha kwanza kabisa kabla hujamgusa mtu, linda eneo. Watu wawili wakimbie, mmoja huku mmoja kule, mbali kama hatua mia, na barabara yenye mteremko waende mbali zaidi, waweke matawi ya miti barabarani kama madereva wa malori wanavyofanya, wavue zile jaketi za rifleketa wapunge nazo. Tumeshawahi kusikia mara ngapi watu wamekusanyika kwenye ajali afu lori linakuja linawasomba wote? Lori lililojaa mzigo halisimami kwa sababu wewe umenyanyua mkono.

Afu majeruhi mwache alale alivyo. Kama hayuko kwenye moto na gari haziji juu yake hamna sababu ya kumtoa hapo kwa pupa. Mtu mmoja apige magoti upande wa kichwani amshike kichwa kwa mikono miwili, huku na huku, asimwachie, aongee nae kwa jina lake, kaka usigeuze shingo, tupo hapa. Kazi ya huyo mtu ni hiyo tu mpaka mwisho. Uti wa mgongo ukiwa umepata hitilafu shingoni, kugeuza kichwa kidogo tu kunaweza kumfanya mtu asisimame tena maisha yake yote. Helmeti kama anapumua vizuri iache, fungua kioo tu apate hewa. Ikibidi kutoka, labda anatapika au hapumui, inatolewa na watu wawili, mmoja ameshika shingo na taya kwa chini, mwingine anaitanua pembeni anaivuta taratibu. Akitapika anageuzwa ubavu mzima mzima, kichwa shingo na mgongo vinakwenda pamoja kama gogo, watu watatu wanne kwa kuhesabu moja mbili tatu.

Maji ya kunywa hapana, hata akiomba, maana anaweza kupaliwa na pengine anaenda kufanyiwa upasuaji.

Damu inayotoka kwa wingi inazuiwa kwa kukandamiza, kitambaa kisafi, khanga, fulana, chochote kisafi, unakandamiza kwa kiganja kwa nguvu na huachii kuangalia kama imekata. Ikilowa unaongeza nguo nyingine juu yake. Nimeona watu wanaweka udongo, wanaweka mafuta ya taa, wanaweka majani, jamani tuache, kidonda cha barabarani kina uchafu wa kutosha. Na damu sio ile unayoiona tu. Mfupa wa paja ukivunjika damu inamwagikia ndani ya nyama, inaweza kufika lita moja na zaidi, wakati mtu mzima mwilini ana kama lita 5 tu, ndo maana unamwona mtu hana hata jeraha la nje ila anakuwa baridi, midomo inapauka, anaanza kusinzia. Huyo ndo wa kuwahishwa kuliko anayepiga kelele. Mguu uliovunjika unafungwa kwenye mti ulionyooka au kwenye mguu mwenzake mzima, kwa khanga, juu na chini ya palipovunjika, afu ndo unamhamisha, na unamhamisha amelala. Bajaji ya mizigo, pikapu, noa ukikunja viti, hata fuso, chochote chenye sakafu. Pikipiki katikati mishikaki iwe ni mwiko kwa mtu aliyevunjika.

Najua mtu atasema wewe unaongea tu, gari ya wagonjwa iko wapi na huyo mwenye pikapu atakubali damu kwenye gari yake? Ni kweli, kuna siku tumesimamisha gari kumi hakuna aliyesimama. Ila nimegundua kitu, wenye magari wanatuogopa. Wanaona kundi lina mawe wanakanyaga mafuta. Yule dereva wa gari dogo la Jumanne alikuwa na gari! Gari lake ndo lilikuwa la karibu kuliko yote pale, tungekunja kiti cha nyuma kijana angelala, tungekwenda nae wawili na namba ya gari tunayo, haki ingefuata baadae polisi. Sisi tukaona bora tuvunje kioo. Nawaomba wenzangu kwa moyo wote, hasira ya ajali iwekwe pembeni. Namba ya gari ipigwe picha, mashahidi wawili wabaki na trafiki, inatosha. Aliyepigwa na kundi akifa hapo mwenzetu aliyeanguka hajapona kwa hilo, na kuna mwingine anaenda jela ameacha watoto.

Kuhusu polisi pia kuna uoga, mtu anasema nikimpeleka majeruhi nitaambiwa mimi ndo nilimgonga, au nitazungushwa na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Sisi tumejiwekea utaratibu, anayekwenda na mgonjwa ni mwingine na anayekwenda kituoni kufuata PF3 ni mwingine, wanaondoka mda mmoja, kwa hiyo karatasi inamkuta mgonjwa tayari ameshapokelewa. Na namba ya polisi ya dharura 112, zimamoto na uokoaji 114, tumeziandika kwa rangi kwenye ubao wa kijiwe maana kwenye taharuki hata namba ya mkeo unaisahau.

Nimesema tumejiwekea utaratibu, naomba nieleze kidogo maana isionekane naandika ndoto. Kijiwe chetu tuko 22. Tunachanga elfu moja kila Jumamosi, na kwa miaka yote hela hiyo ilikuwa ya misiba, harusi na faini. Nilisimama kwenye kikao mwezi wa pili nikasema tunachangishana elfu tano tano ya jeneza ndani ya nusu saa na hamna anayenung'unika, kwanini bandeji ya elfu moja na mia tano haipo hata moja hapa? Walinyamaza. Katibu wetu akasema basi hela ya Jumamosi hii isiende benki iende duka la dawa. Tulinunua bandeji za kukunja, pamba, glovu pakti moja, mkasi mkubwa wa kukata suruali, tukaongeza vitenge viwili vya mtumba. Fundi seremala wa pembeni akatuchania ubao, urefu wa mtu mzima, akatoboa matundu ya kushikia mikono pembeni, akapiga randa usichome, na hakutaka hela. Unakaa bandani kwa mama wa maandazi umesimamishwa ukutani na kila mtu anajua uko pale. Yule nesi mstaafu alikuja Jumapili tatu baada ya ibada akatufundisha kwa vitendo, mmoja analala chini anajifanya majeruhi, wengine wanamfunga. Mwanzoni vijana walikuwa wanacheka, Jumapili ya tatu hakuna aliyecheka maana kila mmoja alikuwa anamkumbuka mtu wake. Ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa, mama yetu, Mungu akuweke.

Ubao tumeutumia mara mbili. Mara moja ni mzee wa baiskeli aliyegongwa eneo la Nane Nane, mara nyingine ni abiria wetu mwenyewe. Jumanne tulikuwa mbali na kijiwe chetu, ubao haukuwepo, na wale vijana hawakuwa wamefundishwa, ndo yakatokea yale.

Nirudi kidogo nyuma kabla ya kuanguka manake kuna mambo yanatuangusha bure. Tairi vipara, breki shu zilizoisha mtu anaongeza kukaza nati ya nyuma mpaka mkono unafika mwisho, cheni imelegea inaruka, saiti mira zimeng'olewa eti zinasumbua kupenya kwenye foleni. Asubuhi mi natumia dakika tatu tu, nabonyeza tairi, navuta breki zote mbili nikiwa nasukuma, nawasha taa na indiketa, naangalia cheni na oili, basi. Wengi wetu tulijifunzia uwanja wa mpira siku moja, jioni tukapakia abiria. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipotoka bodaboda tukawa usafiri unaotambulika kabisa, abiria ni mmoja, leseni ni lazima, helmeti ni kwa dereva na abiria, ila hapa Uyole baridi ikipiga mwezi wa sita na wa saba ndo unaona helmeti nyingi, jua likitoka zinatundikwa kwenye usukani. Helmeti ya kwenye usukani inalinda usukani. Na ambaye anavaa bila kufunga mkanda naye ajue ikipata kishindo cha kwanza inaruka, kichwa kinapokea cha pili. Shirika la Afya Duniani limeshaandika kwamba helmeti iliyovaliwa sawasawa inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, na sisi tuliokaa wodini tunaamini bila hata hizo takwimu. Akina dada wanakataa helmeti ya abiria kwa sababu ya nywele na jasho la watu, na wana haki, ingekuwa mimi ningekataa pia. Mi natembea na vile vikofia vyepesi vya saluni, pakti haina bei, namwambia dada anza na hiki cha kwako afu vaa helmeti ukishuka ondoka nacho, sasa hivi wateja wangu wengi wa asubuhi wanaidai wenyewe.

Naomba mambo mawili kwako mhariri. La kwanza, kwenye ile kurasa ya afya mnayotoa tafuteni daktari au nesi awachoree picha ya hatua kwa hatua, jinsi ya kumshika kichwa, jinsi ya kumgeuza, jinsi ya kufunga mguu, picha kubwa maneno machache, mtu aikate aibandike kijiweni. Watu wanasoma zaidi ya unavyofikiri, gazeti moja linashikwa na mikono ya watu ishirini. La pili, mwandishi wenu akija kuandika ajali ya bodaboda asiishie kuhesabu waliokufa na kuandika mwendokasi, aulize pia waliumia saa ngapi, wakafikishwa saa ngapi, na walibebwaje.

Na kwa viongozi wa vijiwe vya Mwanjelwa, Sae, Mafiati, Mbalizi, mpaka wenzetu wa Tunduma, Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza, tukiomba vijiwe kumi kwa pamoja ni rahisi kuliko kila mmoja kivyake. Sisi tuko tayari kutoa eneo na nesi wetu. Kuna jambo lingine la damu, Mpango wa Taifa wa Damu Salama wana kituo cha kanda hapahapa Mbeya, mwanaume mwenye afya mwenye kilo 50 na zaidi anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, na sisi tuko mamia mjini hapa, tena ndo sisi wenyewe tunaoongezewa. Kijiwe chetu tunakwenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu saa tatu asubuhi, anayetaka kuungana nasi atukute hapo stendi ya Uyole.

Yule kijana nilienda kumwona juzi. Mguu umefungwa uzito unavutwa, shingo wamemwekea kola, daktari anasema wasubiri picha nyingine ndo waseme. Nilimuuliza vidole vya mkono wa kulia anavisikia, akavikunja viwili, vitatu bado. Mama yake alikuwa amekaa pembeni na chupa ya uji, akaniuliza baba wewe ndo ulimleta mwanangu hospitali? Nikamwambia hapana mama, waliomleta ni wenzetu. Akasema wape shukrani zangu. Nimewafikishia, na Jumapili hii saa tisa wote watatu wanakuja kijiweni kwetu, ubao tutautoa nje.

Dereva bodaboda,
Uyole, Mbeya